Meza Ndogo na Kabati Kubwa: Kwa Nini Kompyuta Yatapatapa?



Dominika iliyopita, baada ya Misa ya pili, baba mmoja alinishika mkono mlangoni pa kanisa, akaniambia: «Mwalimu, nakuomba ufike kwetu kabla ya jioni. Leo twataka kufuta picha zetu zote, na mama watoto analia.» Nilistaajabu, nikamfuata.

Jambo lenyewe lilikuwa hili. Jamaa hiyo ina kompyuta moja, iliyonunuliwa kwa jasho kwa ajili ya binti yao mkubwa anayesoma chuo kikuu. Kwa muda wa mwezi mmoja mashine imekuwa nzito mno: binti akigusa kitufe, aweza kusali Salamu Maria nzima kabla ya kupata jibu. Fundi mmoja aliitwa, akatazama kidogo, akasema: «Kumbukumbu imejaa. Futeni picha, ama nunueni kompyuta mpya.» Kununua mpya hawawezi. Na picha hizo ndizo za ubatizo wa watoto wanne, pamoja na za bibi yao aliyefariki mwaka 2019. Hawana nyingine.

Nikawaambia: «Msifute hata moja. Tuelewe kwanza.» Yale niliyowaeleza siku ile napenda kuwaeleza ninyi pia, maana naona jamaa nyingi zapotezwa na neno hili moja, «kumbukumbu».

Ndani ya kompyuta mna mahali pawili pa kuwekea vitu, wala si pamoja. Pa kwanza ni diski. Hiyo ndiyo kabati: humo hulala picha, barua na vitabu, na umeme ukikatika havipotei. Pa pili ni kumbukumbu ya kazi, ambayo wauzaji huiita RAM. Hiyo ndiyo meza. Prosesa, yaani ile sehemu ya mashine inayohesabu na kutenda, haiwezi kufanyia kazi kitu kilicho kabatini. Sharti kiletwe kwanza mezani. Lakini umeme ukikatika, meza yote yafagiliwa. Katika kompyuta ya jamaa ile, kabati lina giga 500, bali meza ina giga 4 tu. Picha zao zilikuwa zimelala kimya kabatini, nalo kabati halikufika hata nusu. Iliyojaa ni meza.

Basi, mtauliza: yawezekanaje meza ndogo namna hiyo kubeba kazi nyingi kupita upana wake? Hapa ndipo penye akili ya wataalamu, na jina lake ni kumbukumbu pepe. Jina hilo lisiwatishe. Hamna pepo wala uchawi ndani yake.

Kila programu ikifunguliwa, kompyuta huipa nafasi kubwa ya kuandikia, kana kwamba meza yote ni yake peke yake. Kwa kweli nafasi hiyo imekatwa vipande vidogo vyenye ukubwa sawa, viitwavyo kurasa. Katika kompyuta nyingi za nyumbani ukurasa mmoja una baiti 4096. Hivyo meza ya giga 4 yaenea kurasa 1,048,576. Si lazima kurasa zote za programu ziwe mezani. Zinazotumika sasa hukaa mezani; nyingine zaweza kungojea kabatini.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa hiyo mfumo endeshi, ambao ndio msimamizi wa mashine, huandikia kila programu daftari lake: ukurasa huu uko mezani, mahali fulani, ule uko kabatini. Programu inapotaka ukurasa, prosesa hutazama daftari. Ukiwapo mezani, kazi yaendelea. Ukikosekana, prosesa huisimamisha programu na kumwita msimamizi. Meza ikiwa imejaa, msimamizi huchagua ukurasa ambao haukuguswa tangu muda mrefu. Kama uliandikwa jambo jipya, huuhifadhi kwanza mahali maalumu katika diski. Kama haukubadilika na nakala yake imo kabatini, huuacha tu. Kisha huleta ukurasa uliotakiwa, husahihisha daftari, na programu huendelea pale ilipokoma, bila kujua kwamba ilisimamishwa. Tena, kwa kuwa kila programu ina daftari lake, moja haiwezi kusoma wala kuharibu kurasa za nyingine bila ruhusa.

Akili hii si ya jana. Zamani mwandishi wa programu alipaswa kupanga mwenyewe ni kipande gani kiletwe na kipi kiondolewe, kazi ya kuchosha sana. Huko Manchester, katika Uingereza, Tom Kilburn na wenzake walitengeneza mashine iliyoitwa Atlas, ikazinduliwa tarehe 7 Desemba 1962. Meza yake ilienea maneno 16,384 ya mashine, na kabati lake, lililokuwa pipa la sumaku lenye kuzunguka, maneno 98,304. Mashine yenyewe ilihamisha kurasa, na mwandishi aliziona hizo mbili kama kumbukumbu moja. Mwaka 1985 kampuni ya Intel ilitoa prosesa 80386, iliyoleta kurasa za baiti 4096 katika kompyuta ndogo za watu binafsi.

Lakini kila cha kuazima kina gharama yake, na hapa gharama ni wakati. Kuchukua kitu mezani ni upesi sana. Kukitoa katika diski inayozunguka kwaweza kuchukua muda mara 100,000 zaidi. Fikirini hivi: kama kuchukua daftari mezani kungekuwa sekunde moja, kulitoa kabatini kungekuwa zaidi ya siku nzima, mchana na usiku! Diski za kisasa zisizozunguka ni nyepesi zaidi, walakini nazo ziko nyuma sana ya meza.

Safari chache za kwenda kabatini hazionekani. Ubaya waja tunapofungua mambo mengi pamoja. Mwaka 1968 mtaalamu Peter Denning wa Marekani alieleza sababu yake: kila programu, kwa kila kipindi, ina kundi la kurasa inazozihitaji pamoja. Makundi hayo yakienea mezani, kazi yaenda vizuri. Yasipoenea, ukurasa ulioondolewa sasa hivi watakiwa tena mara moja. Urudishwapo, wamwondoa mwenzake anayetakiwa vilevile. Mashine yashinda njiani kati ya meza na kabati, wala haitendi kazi. Huko ndiko kutapatapa. Mshika mbili, moja humponyoka.

Ndivyo ilivyokuwa kwa jamaa ile. Nilibonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ikatokea orodha ya programu na kiasi cha kumbukumbu ambacho kila moja yatumia. Binti alikuwa amefungua kurasa 34 za intaneti, filamu moja, muziki wa wadogo zake na kitabu chake cha masomo. Tulifunga tusivyovihitaji, tukabakiza kitabu na kurasa tatu. Muda si muda mashine ikajibu kama zamani. Haikufutwa picha hata moja.

Basi, wazazi wapenzi, shikeni mambo haya manne. Kwanza, mashine ikiwa nzito, fungeni programu zisizotumika kabla ya kufuta chochote. Kufuta picha hakupanui meza. Kwaweza kusaidia tu ikiwa kabati lenyewe limejaa hata msimamizi akose mahali pa kuweka kurasa zake. Pili, kazi ikizidi meza kila siku, mwulizeni fundi kama kompyuta yenu yakubali kuongezewa kipande cha RAM, maana mara nyingi gharama yake ni ndogo kuliko ya mashine mpya. Tatu, msidhani kwamba ukurasa uliopelekwa kabatini na msimamizi umehifadhiwa. Umeme ukikatika, barua msiyoihifadhi wenyewe yapotea. Sisi tunaojua giza la ghafla tuhifadhi kila mara. Nne, picha za jamaa zinakilini katika diski nyingine, mkaiweke mahali salama.

Nanyi vijana mafundi, nawasihi kama ndugu. Neno «futeni» ni jepesi kinywani, lakini picha ya marehemu hairudi. Anayekuletea mashine yake amekukabidhi pamoja nayo kitu cha nyumba yake. Tafuta ugonjwa kwanza, umweleze mwenyewe kwa maneno anayoyafahamu, ndipo utoe dawa.

Jioni ile, kabla sijaaga, mama aliomba afunguliwe picha moja. Alikuwa bibi, ameketi mbele ya nyumba, amempakata mtoto wa mwisho siku ya ubatizo wake. Mtoto mwenyewe alisogea akatazama, akauliza: «Huyu ni mimi?»

Mwalimu wenu