Stesheni ya Samakh

Wasomaji wetu wengi wamesikia habari za Reli ya Hijazi, na waliojaaliwa kufika Madina huenda wameiona stesheni yake, ambayo siku hizi ni nyumba ya makumbusho. Lakini reli ile ilikuwa na tawi, na katika tawi hilo palikuwa na stesheni ndogo, Samakh, kusini ya Ziwa la Tabariya katika nchi ya Palestina. Hiyo ndiyo tupendayo kuwasimulia leo, khasa vijana wetu, kwani nayo ilijengwa kwa fedha za Waislamu, na ni wachache waitajao.

Mwaka 1900 Sultani Abdulhamid wa Pili aliamrisha ijengwe reli kutoka Dameski mpaka Madina. Msafara wa mahujaji wa Sham ulikuwa ukichukua siku kama 40 njiani, katika jua, kiu na hofu ya wanyang'anyi. Sultani hakutaka kukopa Ulaya. Aliwaomba Waislamu wachange. Wakachanga watu wa India na Misri, watumishi wa dola wakakatwa mishahara yao, na hata bei za ngozi za wanyama wa Idi ya kuchinja zikatiwa katika mfuko huo. Ngozi moja ya kondoo hainunui hata pau moja ya chuma, lakini ngozi zilikuwa nyingi.

Vyuma na mitambo ilitoka ng'ambo kwa meli, na njia ya kutoka Beirut ilikuwa mikononi mwa kampuni ya Kifaransa iliyotoza nauli kubwa. Ndipo likajengwa tawi kutoka bandari ya Haifa mpaka Daraa, urefu wa kilomita kama 160, likamalizika mwaka 1905. Hebu watazame vijana katika ramani. Reli ilipita uwanda wa Marj Ibn Amir, ikashuka mpaka Samakh, karibu mita 190 chini ya usawa wa bahari. Kisha ikapanda bonde la mto Yarmuk kwa madaraja na mashimo yaliyotobolewa milimani, hata Daraa, zaidi ya mita 500 juu ya bahari. Msafiri aendaye mji wa Tabariya alishuka Samakh akapanda chombo ziwani.

Hatusemi kuwa reli ile ilikuwa ya ibada tu. Dola iliitumia pia kusafirishia askari, na hilo liliivutia maadui. Alfajiri ya tarehe 25 Septemba 1918 wapanda farasi wa Australia waliishambulia Samakh, iliyolindwa na Wajerumani na Waturuki, wakapigana hata ndani ya vyumba vya stesheni.

Baada ya vita Waingereza walishika upande wa Palestina, Wafaransa upande wa Sham. Mwaka 1923, katika mkutano wa Lausanne, dola hizo mbili zilikiri kuwa reli ile ina sifa ya kidini. Maneno mazuri, lakini kila mmoja alibaki na kipande chake. Sisi twaona kuwa mali iliyotolewa kwa ajili ya mahujaji haikustahili kugawanywa kama nyara.

Usiku mmoja wa Juni 1946 wapiganaji wa Kiyahudi walivunja madaraja mengi ya mipakani, pamoja na daraja la reli juu ya Yarmuk, na gari la moshi la kwenda Sham likakatika. Mwishoni mwa Aprili 1948 kijiji cha Samakh kilitekwa. Wakazi wake, waliozidi 3,000 na wengi wao Waislamu, walihama wasirudi tena, na nyumba zao zikabomolewa.

Jengo la stesheni lingaliko. Limetengenezwa upya, nalo limo katika uwanja wa chuo. Mwaka 2016 ilifunguliwa reli mpya kutoka Haifa, yenye njia pana, ikifuata sehemu ya njia ile ya zamani. Nayo huishia Baysan, haifiki Samakh.