Mega Knight asile mega zetu

Leo siandiki kuhusu vitambulisho wala kutafuta kazi. Naandika kuhusu Clash Royale, na msicheke, maana wiki iliyopita hapa Ndera nusura itugombanishe.

Mnajua Jumapili tunacheza na vijana wa Kanombe. Sasa kuna mwenzetu kaona video, akaja anasema kila mtu lazima aweke Mega Knight, na asiye naye atafute hela amnunue. Wadogo zetu wawili wakaanza kupigia hesabu hela waliyopewa ya mega, zile za darasa la Kiingereza mtandaoni. Hapo nikasema ngojeni kwanza, tuongee.

Sisemi Mega Knight ni mbaya. Akianguka kutoka juu anaponda kundi zima, na utamu wake kila mtu anaujua. Lakini unaingia na kadi 8 tu. Ukimweka mmoja, mwingine anatoka. Kwa hiyo swali si "ni mkali?" Swali ni "ni mkali kuliko huyu ninayemtoa?"

Chukueni kikosi ambacho wengi wetu tunacheza, kile cha Hog Rider cha wastani wa 2.6. Hog Rider 4, Musketeer 4, Fireball 4, Cannon 3, Ice Golem 2, The Log 2, Ice Spirit 1, Skeletons 1. Jumla eliksa 21. Nguvu yake siyo kadi moja, ni mzunguko. Ukishamtuma Hog, unacheza zile nne za bei ndogo kwa eliksa 6 tu, na Hog amerudi mkononi. Mega Knight peke yake anakula 7! Mwanzoni mwa mechi eliksa moja inajaa kwa sekunde 2.8, kwa hiyo ukiwa huna kitu unamngoja kama sekunde 20. Ukitoa Cannon ukamweka yeye, mzunguko umeuchelewesha, na huna tena jengo la kumvuta Hog wa mwenzako.

Halafu hapigi vya hewani. Bats wa eliksa 2 wanamng'ata kutoka juu, yeye anatembea tu.

Kipo kikosi anachokaa vizuri, kile cha Miner, Wall Breakers na Bats. Pale anazuia kundi la adui, halafu akivuka daraja, wale wadogo wanapenya wakati adui anahangaika naye. Pale ana kazi. Kwetu angekuwa mgeni aliyekalia kiti cha mwenye nyumba.

Na hizo video jamani, nani anapakia mechi aliyopigwa? Unaonyeshwa siku ya harusi, siku ya kulipa madeni huonyeshwi.

Mi nilijaribu mwenyewe, maana kwenye akaunti yangu Mega Knight yupo. Nilicheza mechi 20 naye badala ya Cannon, naandika kwenye daftari. Nikashinda 7. Nikacheza 20 nyingine na Cannon, nikashinda 12. Mechi 20 ni chache, siwezi kuapa kwa hizo. Ila daftari lilinionyesha ninapofia: mara nyingi alikuwa mkononi, eliksa sina.

Wanaocheza wahedi na sitini kule pwani wanalijua hili zamani. Ree ina pointi 11, hakuna karata inayoizidi kwa pointi, lakini turufu ndogo kabisa inaila.

Basi ombi langu. Jumapili kila mtu aingie na kikosi anachokijua. Anayemtamani Mega Knight aazime simu yangu, amcheze wiki nzima, halafu aamue. Na wale wadogo zetu wawili, hela ya darasa iende darasani. Tukifungwa na Kanombe tutarudiana wiki ijayo, lakini somo likikupita kwa kukosa mega, nani atakurudishia?

Mnaonaje? Anayepinga karibu sana, ila aje na daftari, asije na video.