Wembe wa upande mmoja: chagua umbo kwanza, makali baadaye

Wasomaji wangu wa kawaida mnajua kuwa hapa huwa tunazungumzia programu, seva, na simu zinazokataa kuelewana na kompyuta. Leo tunahamia bafuni. Msikimbie! Swali ni lile lile la siku zote: ukinunua kifaa kwa pesa zako, nani anabaki ameshika ufunguo wake?

Kifaa chenyewe ni cha kunyolea ndevu. Si kile cha plastiki cha kutumia na kutupa, wala kile chenye nyembe tano zilizopangwa kama ngazi. Nazungumzia kishikio cha chuma kinachobeba wembe mmoja, wenye makali upande mmoja tu, na chenye ukingo unaozuia makali yasizame kwenye ngozi. Wapenzi wa vishikio hivi wanaweza kubishana usiku kucha kuhusu kampuni gani ina wembe mkali zaidi. Mimi nasema wanaanzia mwisho. Kitu cha kwanza ni umbo la wembe. Ukishachagua umbo, umeshachagua nani atakuuzia nyembe miaka kumi ijayo, na kwa kiasi kikubwa umechagua pia shingo yako itakavyoonekana.

Kwanza, kwa nini wembe mmoja?

Mwaka 1971 Gillette walitoa Trac II, yenye nyembe mbili. Mwaka 1998 ikaja Mach3 yenye tatu, na mwaka 2006 Fusion yenye tano. Wazo ni rahisi: wembe wa kwanza unaukata unywele huku ukiuvuta kidogo, na kabla haujarudi ndani, wembe unaofuata unaukata tena chini zaidi. Unabaki na shavu laini kama la mtoto.

Kwa mwenye nywele zilizonyooka, hilo ni jema. Kwa wengi wetu wenye ndevu za kipilipili, hapo ndipo balaa linapoanzia. Unywele uliokatwa chini ya ngozi unakua ukijikunja, ncha yake inachoma ngozi kutoka ndani, na baada ya siku mbili una vipele shingoni. Ukivinyoa tena unavikata. Baada ya mwaka una madoa meusi na makovu ambayo hakuna krimu inayoyafuta haraka. Kijana anaambiwa ana "ngozi mbaya", kumbe ngozi yake haina neno.

Wembe mmoja unaukata unywele kwenye usawa wa ngozi, au juu yake kidogo, na kuuacha. Hauponyi kila mtu, na mwenye vipele vilivyokwisha kuwa vidonda aende kwa daktari. Lakini kama lazima unyoe kwa sababu ya kazi, ni mahali pazuri pa kuanzia.

Maumbo manne

Hapa ndipo mambo yanapofanana na chaja za simu za zamani. Vyote vinaitwa "wembe wa upande mmoja", lakini kimoja hakiingii mahali pa kingine.

1. GEM. Huu ni mzee wa Kimarekani. Una mgongo wa chuma uliokunjwa, na unene wake ni kama milimita 0.23. Wembe wa kawaida wa dukani, ule wenye makali pande mbili, una milimita 0.1 tu. Kwa hiyo GEM ni mnene zaidi ya mara mbili, na haupindi ovyo unapokutana na ndevu ngumu.

Tahadhari moja kubwa: kwenye hadiwea kuna nyembe zenye mgongo kama huo, za kukwangua rangi na stika kwenye vioo. Zinafanana na GEM kama mapacha. Usizipeleke usoni! Wembe wa GEM wa kunyolea ni wa chuma kisichoshika kutu, na makali yake yamepakwa tefloni ili yateleze. Ule wa kukwangua hauna mambo hayo.

2. Injekta. Huu ulitoka kwa Jacob Schick, mwanajeshi wa Marekani, katika miaka ya 1920. Inasemekana alipata wazo kutoka kwenye bunduki inayojipakia risasi. Nyembe zinakaa ndani ya kisanduku chembamba. Unakichomeka kwenye kishikio, unasukuma, wembe mpya unaingia na wa zamani unatoka. Vidole havigusi makali. Kama mtu wa programu, nautazama muundo huu kwa heshima. Ni mwembamba kwa upana, lakini una unene wa karibu robo milimita. Kampuni ya Supply imetengeneza vishikio vipya vinavyoutumia.

3. Artist Club. Huu ni wa Feather, kampuni ya Kijapani kutoka mji wa Seki, mji ambao jina lake limejengwa juu ya visu na panga. Ulibuniwa kwa ajili ya vinyozi. Nao una unene wa robo milimita hivi, na unatoka katika aina kadhaa: Professional ndio wa kawaida, Pro Super unachomoza zaidi, na ProGuard una vizuizi vidogo vya waya kwenye makali ili usijikate. Kampuni nyingine ya Kijapani, Kai, inatengeneza wa aina hiyo kwa jina la Captain.

4. Nusu ya wembe wa kawaida. Unachukua wembe wa dukani, unaukunja kwa urefu ukiwa bado ndani ya karatasi yake, unakatika katikati. Tayari una nyembe mbili za upande mmoja. Kishikio cha Twig cha kampuni ya Leaf, kwa mfano, kinatumia nusu hiyo.

Kuna vingine vya pembeni. Kishikio cha OneBlade (usichanganye na mashine ya umeme ya Philips yenye jina hilo hilo) kimejengwa kuzunguka wembe wa Feather uitwao FHS-10. Lakini hayo manne yanatutosha.

Nilivyopima

Nilipima kama ninavyopima programu: badilisha kitu kimoja tu, vingine viache vilivyo. Sabuni ile ile, maji ya moto yale yale, dakika tatu za kulainisha ndevu kabla ya kuanza. Shavu la kulia wembe mmoja, la kushoto mwingine, kisha wiki inayofuata nabadilisha pande, kwa sababu ndevu za kulia hazifanani na za kushoto. Kila mara nanyoa kwa kufuata zinakoelekea, sipandi juu kinyume. Halafu nasubiri siku mbili nihesabu vipele, maana shavu linalong'aa asubuhi ya leo halijakwambia lolote.

Haya ndiyo niliyoyaona usoni kwangu. Uso wako ni mwingine.

Artist Club ilishinda. Inapita mara moja na kazi imekwisha, na wembe mmoja hunipa siku 12. Lakini haina msamaha, kiganja kikizidisha nguvu kidogo unaona damu.

GEM ilikuwa ya pili. Ni tulivu, inatoa sauti ya kukwangua ambayo mwanzoni inatisha, kisha unaizoea kwa sababu inakwambia pembe yako ni sawa. Siku 6.

Injekta ilikaribiana sana na GEM kwa ubora. Ilishinda zote chini ya pua, kwa sababu ya wembamba wake.

Nusu wembe ilikuwa ya mwisho, lakini si kwa mbali nilivyotarajia. Udhaifu wake unajulikana: chuma chembamba kinatetemeka. Dawa yake iko kwenye kishikio. Kikiubana wembe karibu kabisa na makali na kuupinda kidogo, mtetemo unaisha. Kikiuacha wembe ukining'inia, utajuta. Nusu moja hunipa siku 3, kwa hiyo wembe mzima ni siku 6.

Ukitaka kujua kwa nini makali yanaisha, kuna utafiti mzuri wa MIT uliochapishwa mwaka 2020 katika jarida la Science. Chuma cha wembe ni kigumu kuliko unywele kwa kama mara 50, lakini unywele unakishinda hata hivyo. Waligundua kuwa makali hayachakai polepole tu, bali yanamegeka vipande vidogo sana, hasa unywele unapoinama na kukutana na sehemu ambayo chuma chake hakifanani na cha jirani. Somo langu ni kuzilainisha ndevu vizuri kabla ya kulaumu wembe.

Sasa tuje kwenye ufunguo

Kama ningeishia hapo, ningesema nunueni Artist Club, kwaherini. Lakini tukiulizana GEM, injekta au Artist Club vinapatikana duka gani la mtaani, jibu unalijua. Utaagiza kutoka nje, usubiri, ulipe usafiri na pengine ushuru, na siku muuzaji akiacha kuleta, kishikio chako kizuri kinageuka pambo. Ni sawasawa na kuhifadhi kazi yako yote kwenye faili ambazo programu moja tu duniani inaweza kuzifungua.

Wembe wa pande mbili una historia tofauti. King Gillette alipata hataza yake nchini Marekani Novemba 1904. Ilipokwisha, mwaka 1921, kila mwenye kiwanda alikuwa huru kutengeneza nyembe za umbo hilo. Baadaye Henry Gaisman wa kampuni ya AutoStrop akaleta wembe wake, Probak, wenye tundu la umbo jingine lakini uliokubali kuingia kwenye vishikio vya Gillette. Ugomvi wa hataza ukazuka, na mwaka 1930 kampuni hizo mbili zikaungana.

Chukua wembe wowote wa dukani ulitazame lile tundu la katikati. Lile umbo la ajabu, lenye mapengo na duara, halikuwekwa kwa urembo. Ni ili wembe mmoja uingie kwenye vishikio vya wakati ule na vya leo. Wembe uliotengenezwa mwaka huu unaingia kwenye kishikio cha Gillette cha zaidi ya miaka 100 iliyopita. Nioneshe programu yoyote inayoweza kujivunia hivyo!

Na ndiyo maana wembe huo uko kila mahali. Uko kwenye duka la mtaani karibu na kiberiti na mishumaa, kwa sarafu chache. Mwanafunzi anachongea penseli, fundi cherehani anafumulia mshono, na kinyozi anafungua mpya mbele yako ili usiwe na wasiwasi wa damu ya mtu mwingine. Kiwanda kimoja kikifungwa, vingine vitaendelea. Hiki ndicho tunachokiita kiwango huria, na kiliingia mifukoni mwetu kabla hatujawa na neno la kukiita.

Ushauri wangu

Kwa mtu anayenunua kishikio chake cha kwanza cha upande mmoja, anunue kinachotumia nusu wembe, na pesa zake azitumie kwenye ubora wa kubana. Anapoteza sehemu ndogo ya ulaini, anapata uhuru wa kununua nyembe Lodwar au Lamu bila kumuuliza mtu. Na kwa sababu ni rahisi, hatavutwa na uchoyo wa kutumia wembe butu wiki mbili, jambo ambalo shingo hulilipia.

Kuna watakaosema ndevu zao ni ngumu mno kwa chuma chembamba. Naamini. Kama umejaribu nusu wembe kwa mwezi mzima, kwa maji ya moto na mkono mwepesi, na vipele bado vipo, basi agiza Artist Club. Angalau Feather na Kai wote wanazitengeneza, kwa hiyo hujafungwa kwa mlango mmoja. Agiza za mwaka mzima kwa mkupuo. Lakini fanya hivyo ukijua unachokinunua, si kwa sababu picha ya kishikio ilikupendeza.

Kanuni yangu ni hii, kwa kompyuta na kwa bafu: usinunue kishikio kabla hujajua wembe wake unatoka wapi, unatengenezwa na wangapi, na duka la karibu liko umbali gani.

La mwisho, kabla sijarudi kwenye programu. Nyembe zilizotumika usizitupe ovyo kwenye taka. Toboa mwanya kwenye kifuniko cha kopo la majani ya chai, zidumbukize humo, na likijaa lifunge kwa gundi ya karatasi. Kuna mtu anaingiza mikono kwenye ile mifuko ya taka kila wiki, na yeye hakuchagua umbo wala makali.