Bibi harusi, sare yako inalipwa na nani?



Leo nasema jambo ambalo fundi cherehani hatakiwi kulisema, maana riziki yangu imo humo humo. Nasema kuhusu sare za harusi.

Ofisini kwangu hapa Mtwara mjini kuna nguo saba zimetundikwa ukutani. Zimeshonwa, zimetiwa zipu, zimepigwa pasi. Wenyewe walilipa nusu na hawajarudi kuzichukua. Harusi zilizokusudiwa zimeshapita, na bibi harusi mmojawapo ameshajifungua. Sio kwamba wateja wangu ni matapeli, ni watu ninaowafahamu. Fedha haikupatikana, na baada ya siku ile nguo haikuwa na kazi tena.

Kwa nyinyi wa visiwani labda nieleze kidogo. Kwetu harusi zinafuata korosho. Kuanzia Oktoba watu wanaokota korosho, wanazipeleka chama cha msingi, zinaingia ghalani, zinauzwa mnadani, kisha mkulima anasubiri fedha yake. Mfumo huu wa stakabadhi ghalani ulianza kwetu mwaka 2007. Fedha ikianza kuingia, hakuna mwisho wa wiki usio na ndoa, kuanzia Mikindani na Shangani mpaka Msimbati na Kilambo kule Ruvuma.

Tatizo ni kwamba tarehe ya harusi haisubiri mnada. Msimu wa 2018 serikali ilizinunua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na wakulima wengi walikaa muda mrefu wakingoja malipo. Mimi nilikuwa na vitambaa vya sare mezani na wenye navyo hawana hata nauli ya kuja kupima. Na hata mwaka mzuri, mwanamke akibanwa anauza korosho zake mapema kwa kangomba, yaani kwa bakuli, kwa bei ya kutupa, ili apate fedha ya haraka. Nimeshasikia wakisema wenyewe mbele ya cherehani langu: "Fundi, nimeuza kangomba nilete hiki kitambaa." Jasho la mwaka mzima linakwenda kwenye nguo ya saa nne.

Hebu tupige hesabu. Kitambaa mnachochagua siku hizi hakipungui elfu 40. Mimi nachukua elfu 25 kushona, ikiwa na bitana naongeza. Hapo bado ushungi, viatu, na kadi ya mchango. Mwanamke mwenye dada, wifi, jirani na mtoto wa shoga yake wanaoolewa msimu mmoja, anashona sare nne. Na sare hairudiwi, kwa sababu harusi ya pili ina rangi yake.

Kilichonifanya niandike ni harusi moja niliyoalikwa mwaka jana. Nilipokwenda uani kusalimia wapishi nikamkuta shangazi wa bibi harusi, dada wa baba tumbo moja, yuko kwenye sufuria la pilau na kanga zake mbili. Nikamwambia, "Shangazi, ingia ndani, wanapiga picha za familia." Akanijibu taratibu, "Mwanangu, mimi sina sare. Nisije nikawaharibia picha." Huyu ndiye aliyemlea yule binti mama yake alipokuwa mgonjwa. Bibi harusi hakumfukuza, sidhani hata alijua. Lakini sare ilimfukuza.

Nilirudi nyumbani nimenyong'onyea, kwa sababu sare za harusi ile nilizishona mimi.

Najua mtaniambia sare inapendeza na inaonyesha umoja. Ni kweli inapendeza. Lakini umoja gani unaomwacha shangazi jikoni? Familia zetu nyingi huku zina watu pande zote mbili za mto. Ndugu anayevuka kutoka Msumbiji kuja kukuozesha, naye tumdai kitambaa?

Dini yetu haikuifanya ndoa kuwa ngumu hivi. Mtume (s.a.w.) alimwambia Abdurrahman bin Auf afanye walima japo kwa mbuzi mmoja, na walima yake mwenyewe alipomuoa Bi Safiyya ilikuwa tende, samli na maziwa makavu. Katika Surat Al-Israa tumeonywa kwamba wabadhirifu ni ndugu wa mashetani. Na deni si jambo dogo: Mtume alisita kumswalia maiti mwenye deni mpaka Abu Qatada alipojitolea kulilipa. Halafu sisi tunawaingiza mama zetu kwenye deni kwa ajili ya rangi?

Sisemi sare ife. Nasema hivi, wewe unayetarajia kuolewa. Ukitaka watu wafanane, taja rangi tu, kila mtu atafute kabatini kwake. Au chagua kanga, kama walivyofanya bibi zetu: doti moja haina gharama ya ufundi, na baada ya harusi inavaliwa, inaswaliwa, inabebea mtoto. Ukitaka kitambaa cha fahari, basi wanunulie wewe mama yako, shangazi na somo yako, wengine waache huru. Usiseme huna uwezo huo. Kama wewe huna, wao watautoa wapi? Na kwenye kadi andika wazi: nguo yoyote ya heshima inakaribishwa.

Mimi nimeanza upande wangu. Bibi harusi akija na sampuli ya sare namuuliza kwanza watavaa wangapi na nani analipa. Wawili wamekasirika wakaenda kwa fundi mwingine. Mmoja alikaa akafikiri, akapunguza kutoka watu 30 hadi sita. Nimekosa oda, lakini harusi yake ilijaa, na nyanya yake alikaa mbele kabisa na dera lake la zamani.

Na zile nguo saba, kama mwenyewe unasoma hapa, njoo uchukue yako. Salio nimekusamehe. Vaa Idi, inshaallah.

Allah azijaalie ndoa zetu baraka na wepesi. Amin.