Hiyo treni ni mabati mangapi?

Jumamosi moja ya Desemba iliyopita nilikuwa Lyulilo, pale jirani na Matema, kwenye gulio la vyungu. Kama hujawahi kufika, jipange ufike. Akina mama wa Kikisi wanatoka Ikombe na mitumbwi iliyosheheni vyungu, wanavishusha ufukweni, na Milima ya Livingstone imesimama nyuma yao kama ukuta. Mdogo wangu, binti wa mama yangu mdogo, alitaka chungu kimoja tu cha kupikia maharage. Kimoja! Nakwambia aligonga vyungu vitano kwa kifundo cha kidole, sikio limeinama, macho kafumba. Kinacholia vizuri kama kengele anakigeuza akikague tako. Kinachotoa sauti ya mafua anajua kina ufa, anakirudisha bila hata kuuliza bei. Akalipa elfu nne kwa kile cha tano, tukaondoka.

Njiani kuelekea Kyela mjini akaanza kucheka peke yake. Cheko lile silipendi, huwa linakuja kabla ya machozi.

“Dada, mimi nagonga chungu cha elfu nne. Mwenzangu katoa milioni nne na nusu, na hakugonga.”

Milioni nne na nusu za nini? Za treni. Treni ya kuchezea, kwa lugha yake yeye. Modeli, kwa lugha ya shemeji. Kaiagiza Uingereza, imekuja ndani ya boksi la kutosha viatu vya miguu mirefu, na hela imetoka kwenye fungu la mabati. Hawa ni wanandoa wa miaka sita, nyumba yao imefika lenta, na kila mkazi wa Kyela anajua mvua za Machi hadi Mei zinavyofanya tope la ukuta usioezekwa. Mdogo wangu ni mfanyabiashara wa mchele, hesabu anayo kichwani. “Hiyo ni bati mia na ishirini, dada. Mia na ishirini! Amezikunja kaziweka juu ya friji.”

Nilipofika kwao niliikuta kweli juu ya friji. Na hapa nikiri kitu: nilikuwa nimejiandaa kumkalia shemeji kooni, lakini nilipoisogelea ile treni nikanyamaza. Ndefu kuliko mkono wangu kutoka kiwiko hadi vidole, ya rangi ya damu ya mzee, magurudumu tele, na ubavuni kibao kidogo cha shaba kimeandikwa Mount Rungwe. Rungwe! Mlima huu huu tunaouona tukiangalia kaskazini anga likiwa safi.

Sasa ngoja nikupe stori, maana bila stori utaona shemeji ni mwendawazimu.

Kyela haina reli. Ya karibu ni TAZARA, kule Mbeya, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, na hiyo ilianza moja kwa moja na injini za dizeli. Mvuke tuliouona sisi wa ziwani ni wa meli. Ile ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, ilikuwa Nyasa tangu miaka ya 1890. Lakini babu yake shemeji, mzaliwa wa Tukuyu, alikwenda kutafuta kazi reli ya Afrika Mashariki akaangukia Voi, Kenya, akawa fayamani, yaani msaidizi wa dereva anayeuangalia moto. Na kwenye njia ya Mombasa na Nairobi kulikuwa na majitu yanayoitwa daraja la 59. Yalitengenezwa 34, Manchester, kiwanda cha Beyer Peacock, mwaka 1955 na 1956. Kila moja tani 252, boila katikati, seti ya magurudumu mbele na nyingine nyuma ili lipinde kwenye kona bila kung’oa reli. Hakuna injini ya mvuke ya reli ya mita moja iliyowahi kuwa na nguvu kuyazidi. Karibu yote yalipewa majina ya milima yetu: Kilimanjaro, Meru, Hanang, Mbeya. Namba 5916 likaitwa Mount Rungwe.

Fikiria kijana wa Kinyakyusa, yuko ugenini kwenye joto la Voi, anaona mlima wa kwao unaingia stesheni unapiga honi. Jumuiya ilipovunjika 1977 akarudi nyumbani na begi moja na stori hiyo. Shemeji alilelewa naye. Kufikia 1980 majitu yale yalikuwa yameondolewa kazini, yakakatwa chuma chakavu isipokuwa mawili, Mount Gelai na Mount Shengena, ambayo yako Makumbusho ya Reli Nairobi. Yote mawili yana majina ya milima ya Tanzania, kwa taarifa yako. Rungwe halimo.

Haya. Stori nzuri. Lakini stori haiezeki nyumba, na muuzaji anayejua kwamba unaitaka stori atakuuzia hiyo stori kwa bei ya stori. Ndiyo maana nikawaambia wote wawili wakae, tukaomba taa ya mezani, rula na karatasi, tukaanza kuigonga treni kama chungu.

Kwanza ni imetengenezwa na nini. Modeli za bei ya chini ni plastiki. Nyingine zimemiminwa kwa aloi ya zinki, na zile za kabla ya Vita vya Pili zina ugonjwa: zinki ikichanganyika na uchafu kama risasi, chuma kinavimba, kinapasuka, mwishowe kinamung’unyika kama biskuti. Za juu kabisa ni za shaba ya njano, vipande vilivyokatwa na kulehemiwa kwa mkono, chache chache. Hii ilikuwa shaba, hapo shemeji hakupigwa. Uzito ulionyesha, na chini ya tumbo palipokwaruzika paling’aa njano.

Pili, rula. Injini yenyewe ilikaribia mita 32. Modeli hii ni ya kipimo cha 1 kwa 87, kinachoitwa HO, kwa hiyo inatakiwa iwe sentimita 36 na nusu hivi. Tukapima, ikatoa. Reli ya mita moja ukiigawa kwa 87 unapata milimita 11 na nusu, na watengenezaji hutumia 12. Ikatoa. Tukahesabu magurudumu: lazima yawe 28. Yakawa 28. Bomba la moshi je? Hayo majitu yaliondoka kiwandani na bomba la duara, baadaye yakafungwa bomba bapa, jembamba kama mdomo wa kasha la barua, ili moshi utoke kwa nguvu bila kula mafuta mengi. Fundi mvivu anakuwekea bomba lolote. Huyu alikuwa ameweka bapa. Mdogo wangu, ambaye dakika ishirini zilizopita alikuwa hataki hata kuitazama, akaanza kushika taa vizuri zaidi. Niliona, sikusema.

Kisha tukaja kwenye rangi, na hapo ndipo nilipomuonea shemeji huruma. Muuzaji alikuwa ameandika kwamba rangi ni ya fundi wa kwanza, haijaguswa. Lakini modeli nzuri unaijua kwenye ribiti zake, vile vichwa vidogo vya misumari vilivyopangwa mstari: rangi nzuri ni nyembamba, kila ribiti inahesabika. Hii upande wa kulia zilihesabika, wa kushoto zilikuwa zimezama kama maharage kwenye uji. Na kwenye mikwaruzo ya kushoto, chini ya damu ya mzee kulikuwa na nyeusi. Ilipakwa mara ya pili, na aliyepaka hakuwa fundi. Modeli nyingi za shaba huuzwa tupu na kupakwa baadaye, hilo siyo kosa. Mkono mzuri unaongeza thamani na mkono mbaya unaikata. Kosa ni kudanganya. Mdogo wangu akasema ni sawa na mchele wa mkoa mwingine kwenye gunia lililoandikwa Kyela. Juu unanusa harufu, ukichota katikati hakuna kitu.

Tukaiweka kwenye kipande cha reli kilichokuja nayo, tukaiwasha. Injini nzuri inapimwa polepole, siyo mbio. Mbio hata mbovu inakimbia. Inatakiwa itambae kama kinyonga, bila kushtuka. Hii ina mota mbili, moja kila seti. Ya mbele ilikuwa inavuta, ya nyuma ilikuwa inaburuzwa tu. Mota ya pili imekufa. Shemeji hakuwa amejua, maana alikuwa akiiwasha usiku wa manane, kwa siri, kidogo tu, mtu asisikie.

Hiyo sentensi ilimgusa mke wake kuliko zote. Siku mbili nzima alikuwa akilalamikia bei. Kumbe kilichomuuma hasa ni kwamba kuna mwanaume anaamka usiku ndani ya chumba chao kwenda kufurahi peke yake na kitu ambacho yeye hajaambiwa. Mimi nikiletewa kesi za namna hii kwenye ukurasa huu, wenzangu huwa wananiuliza nani alikosea kiasi gani. Hapa sina la kupima kwa rula. Shemeji alikosea siku aliyotoa hela bila kusema, na hata treni ingekuwa nzima, na rangi safi, na bei poa, angekuwa amekosea vile vile. Alipoulizwa kwa nini hakusema, alijibu, “Ningesema ungeniuliza inafanya kazi gani, na mimi sina jibu.” Akina kaka mnaosoma hapa, wengi wenu hamkuwa na treni lakini jibu hilo mmewahi kulitumia.

Ilibaki bei. Wengi wanachanganya ubora na bei, na ni vitu viwili. Ubora unauona kwa taa na rula. Bei ni kile mtu mwingine yuko tayari kutoa leo, basi. Usitazame bei inayoombwa, kila mtu anaweza kuomba. Tazama kitu kama hicho kiliuzwa kwa shilingi ngapi mwishoni. Toa na kamisheni ya mnada, toa na usafiri. Boksi la asili na karatasi zake vina hela, na hapa boksi halikuwa la kwake. Halafu wakusanyaji wa vitu hivi huko Ulaya wengi wamezeeka, na kila anayefariki anaacha kabati zima linaloingia sokoni. Tukapiga picha, kasoro zote wazi, tukamtumia mfanyabiashara mmoja wa huko. Akajibu siku ya tatu: angetoa kama milioni mbili na laki saba.

“Bati sabini na mbili,” akasema mdogo wangu papo hapo. “Arobaini na nane zimeenda na maji.”

Nilidhani atasema iuzwe. Badala yake akaichukua akaipeleka kwa bibi, mke wa yule fayamani, ambaye anaishi nyumba ya nyuma na aliwahi kukaa landi za reli Voi. Bibi akaipokea kwa mikono miwili. Akaigeuza, akanusa, akasema kwa Kinyakyusa kwamba ni safi mno. La kweli lilikuwa linanuka mafuta na babu alikuwa hafuliki. Halafu akauliza kama anaweza kukaa nayo hadi jioni.

Pikipiki ya shemeji iliuzwa Januari. Bati zimepigwa Februari, siyo zote, upande wa jikoni bado. Treni imerudi juu ya friji, lakini tumeitoa kwenye sponji ya lile boksi, maana sponji ikizeeka inayeyuka na kung’ang’ania rangi, na kwa unyevu wa Kyela ingewahi. Imefungwa kwa karatasi laini. Mota ya nyuma bado imekufa. Mgeni akitaka kuigusa, mdogo wangu anamwahi mkono: “Taratibu shemeji, hizo ni bati sabini na mbili.”

Tukutane mwezi ujao.