MJANE WA ASKARI SI OMBAOMBA



Kila tarehe 25 Julai taifa letu huwakumbuka mashujaa wake. Mashada ya maua huwekwa, tarumbeta hulia, viongozi huinamisha vichwa. Ni vyema. Lakini sisi tunaohudumu kati ya familia za Ringwani tunauliza: ikiwa shujaa hukumbukwa mjini kwa maua, mbona mjane wake husahauliwa kijijini?

Mkoa wa Mara umetoa askari wengi tangu enzi za KAR. Oktoba 1978, Idi Amin alipoivamia Kagera, jeshi letu lilipanuliwa kutoka watu wasiofika 50,000 hadi zaidi ya 100,000, wakiwemo mgambo waliotolewa jembeni. Kampala ilitwaliwa tarehe 11 Aprili 1979. Baada ya ushindi Mwalimu Nyerere aliwaomba wananchi wafunge mkanda kwa miezi 18. Ziko nyumba ambamo mkanda huo haujafunguliwa hadi leo.

Hatusemi kwamba kila aliyeshika bunduki ana pensheni kisheria. Mgambo hakuwa mwajiriwa wa kudumu wa jeshi. Alirudi shambani na shukrani za taifa, na deni analodai ni la heshima. Lakini askari aliyeajiriwa, akatumikia na kustaafu, ana haki iliyoandikwa. Haki hiyo ndiyo inayopotelea njiani.

Tuitazame njia yenyewe. Askari anapofariki, mjane hutakiwa kuleta cheti cha kifo, uthibitisho wa ndoa, muhtasari wa kikao cha ukoo, na hati ya Mahakama ya Mwanzo ya kumteua msimamizi wa mirathi. Kisha huulizwa namba ya jeshi ya marehemu. Mama asiyejua kusoma huuza kuku apate nauli ya kwenda Mugumu, huuza mbuzi apate nauli ya kwenda Musoma, na huko huambiwa arudi wiki ijayo. Tunauliza tena: namba ile iliandikwa na nani? Je, si jeshi lenyewe? Yeye mwenye daftari amekaa kitini, na asiye na daftari anatumwa kulitafuta!

Mtu atasema: bila vyeti, matapeli watajaza foleni. Hoja hiyo ina uzito, nasi hatutetei udanganyifu. Lakini kuna kisa kinachosimuliwa cha hapa jirani, Mwanza. Mwaka 1964 Bunge la Ujerumani Magharibi lilikubali kuwalipa askari Waafrika waliokuwa bado hai malimbikizo ya mishahara yao ya Vita Kuu ya Kwanza. Wazee walikusanyika, wachache tu wakiwa na vyeti. Mlipaji akawapa fagio mmoja mmoja, akawaamuru kwa Kijerumani watoe heshima kama kwa bunduki. Miaka 46 ilikuwa imepita tangu vita vile viishe, na hakuna aliyekosea. Aliyetaka kulipa alipata njia ya kuhakiki. Asiyetaka kulipa, hata vyeti kumi havitamtosha.

Mtume Yakobo anafundisha kwamba ujira uliozuiliwa hulia, na kilio chake humfikia Bwana. Baba Mtakatifu Leo wa Kumi na Tatu, katika waraka Rerum Novarum wa mwaka 1891, aliweka wazi kwamba ujira wa haki ni wajibu na si fadhila. Pensheni ni ujira uliowekwa akiba. Kumcheleweshea mzee hadi afe ni kumnyima.

Lakini tusinyooshe kidole serikalini tu. Wapo kati yetu, wanaopokea Komunyo, waliokaa katika kikao cha ukoo wakamchagua msimamizi ili ale naye. Fedha ilipotoka, shemeji alinunua ng'ombe, na mjane akarudishwa kwao mikono mitupu. Huyo amemwibia marehemu mara ya pili. Aungame, na arudishe.

Basi tunadai haya. Serikali ipeleke daftari kwa watu: uhakiki wa wastaafu na warithi ufanyike katika kata, si kwa wazee kusafirishwa. Kila anayekataliwa apewe sababu kwa maandishi. Na mgambo wa Kagera walio hai waandikwe majina, wapate walau matibabu bila malipo wangali wanapumua.

Kwenu viongozi wa walei: kila Jumuiya Ndogo Ndogo iwaorodheshe wastaafu na wajane wa askari walio katika eneo lake. Daftari la ndoa la parokia lifunguliwe kwa mjane anayehitaji uthibitisho. Asiyejua kusoma asindikizwe ofisini na anayejua, bila kutozwa hata senti. Mlezi wa jumuiya aketi katika kikao cha ukoo kama shahidi.

Yule mjane wa Injili hakumwomba kadhi sadaka. Aliomba haki yake, akarudi, na akarudi tena. Safari hii asirudi peke yake.