Waraka kwa Wanachama: Tusitie Saini Dhidi ya Ngozi ya Sili

Ndugu wanachama,

Ile karatasi iliyozungushwa baada ya mkutano uliopita, ya kuitaka Kanada ipige marufuku biashara yote ya ngozi ya sili, imeshasainiwa na baadhi yenu. Nawaomba mliosaini mfute majina yenu, na ambao hamjasaini msisaini. Najua mlisukumwa na huruma. Lakini watakaoumia ni majirani zetu, kwani hapa Ottawa Wainuit, wenyeji wa asili wa kaskazini ya mbali, ni wengi kuliko katika mji mwingine wowote wa Kanada nje ya ardhi yao ya asili.

Kwa Mwinuit, sili si pambo la matajiri. Mwindaji huvizia kimya penye tundu la barafu ambalo mnyama huyo hujia kuvuta pumzi. Zamani alishika chusa, leo bunduki. Akimpata, nyama hugawiwa jamaa na wazee. Mafuta yake ndiyo yaliyowasha qulliq, taa ya jiwe waliyoitegemea kupikia, kuotea moto na kukaushia nguo katika nchi isiyoota miti ya kuni. Ngozi wanawake huikwangua kwa ulu, kisu chenye makali ya nusu mwezi, wakashona buti na glavu. Nyama ya sili ina madini ya chuma kwa wingi. Nunavut, eneo la Wainuit kaskazini mwa Kanada, haina barabara ya kuiunganisha na kusini, hivyo chakula cha dukani huletwa kwa ndege, au kwa meli wakati wa kiangazi, na bei yake inatisha.

Mwaka 1983 Jumuiya ya Ulaya ilizuia ngozi za watoto wa sili wenye manyoya meupe, waliokuwa wakiuawa na wawindaji wa kibiashara pwani ya Atlantiki. Wainuit huwinda zaidi sili waliokomaa wa aina nyingine, na sheria haikuwalenga. Wanunuzi hawakujali tofauti hiyo; bei ya ngozi zote ikaporomoka. Na pesa ya ngozi ndiyo iliyonunua risasi, na petroli ya pikipiki ya theluji. Ilipokosekana, wawindaji wengi walishindwa kutoka, nyama ikapungua majumbani, na vijana waliokuwa wakifundishwa kusoma barafu na upepo kwa lugha yao ya Kiinuktitut, wakiwa safarini na babu zao, wakapungukiwa na darasa lao. Marufuku pana zaidi ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2009 iliwaachia Wainuit ruhusa maalumu, ila ruhusa haimleti mteja aliyekwisha kutishwa. Mwaka 2014 tawi la Kanada la shirika la mazingira la Greenpeace liliwaomba Wainuit radhi kwa madhara ya kampeni zake. Iweje sisi tuanze leo lile ambalo wenzetu wameshalijutia? Tena sisi tunaochinja mbuzi Idi na Krismasi!

Naomba tufanye haya. Tutazame pamoja filamu ya Angry Inuk ya mwaka 2016, ambamo Alethea Arnaquq-Baril, mwenyewe Mwinuit, anaieleza kadhia hii. Anayehitaji glavu za baridi, na ana uwezo, anunue za ngozi ya sili kwa washonaji wa Kiinuit, aulize kwanza nani kazishona. Na watoto wetu wakiletewa shuleni picha za kampeni, tukae nao tuwaeleze.

Mwenye hoja tofauti aje nayo kwenye mkutano ujao. Nitaomba suala la karatasi ile liwe ajenda ya kwanza.

Wenu katika utumishi,
Katibu